Miaka mitano nabadilisha shuka za wachezaji wa "mechi ya kiazi", mwaka huu nimeingia uwanjani (uzi kutoka Boise, Idaho)

Binti Fizi (mwanzisha uzi), 27 Desemba 2024

Habari za sikukuu wadau. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu nimeona kwa macho yangu kitu ambacho nimekuwa nikikihudumia kwa mlango wa nyuma.

Naishi Boise, makao makuu ya jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani. Nilitoka Fizi nikiwa mgongoni mwa mama, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu, Tanzania, na hapa huu ni mwaka wa saba. Sisi wakimbizi kutoka Kongo tuko wengi mji huu, Jumapili ukipita kwenye baadhi ya makanisa utadhani uko Uvira. Kazi yangu ni usafi wa vyumba hotelini. Jina la hoteli siliandiki.

Kila Desemba, Krismasi ikikaribia, mji unapokea timu mbili za vyuo vikuu zinazokuja kucheza mechi moja inaitwa Famous Idaho Potato Bowl. Ndiyo, mechi ya kiazi. Mpira wenyewe si soka, ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Watu wa miji mikubwa wakilisikia jina wanacheka. Mimi sicheki, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza kwa wasiojua mambo haya. Vyuo vinaanza msimu mwishoni mwa Agosti, kila timu inacheza mechi 12. Ukishinda 6 unastahili kualikwa mechi moja ya ziada Desemba au mwanzoni mwa Januari. Mechi hizo ziko takriban 40, kila moja ina mji wake, na wenyewe wanaziita "bowl", yaani mabakuli. Jina limetokana na uwanja wa Rose Bowl kule Pasadena, California, wenye umbo la bakuli, uliojengwa 1922. Ila mechi ya Pasadena ni ya zamani kuliko uwanja wake: ya kwanza ilichezwa 1902, Michigan wakaichapa Stanford 49 kwa 0, waandaaji wakakata tamaa na mpira hadi 1916. Tangu wakati ule shabaha ilikuwa wageni. Pasadena ina jua wakati wenzao wamefunikwa na theluji, kwa hiyo walitaka watu waje waone.

Boise haina jua la kuuza Desemba. Ni baridi, vidole vinauma. Mechi ilianza 1997 ikiitwa Humanitarian Bowl, ikabadilishwa majina mara kadhaa, hadi 2011 wakulima wa viazi walipoweka jina lao. Kitu ambacho mgeni hakisahau ni uwanja. Nyasi zake za bandia ni za bluu! Chuo cha Boise State kiliziweka 1986, wakati hapakuwa na uwanja mwingine wa chuo usio wa kijani. Mara ya kwanza nauona, kutoka barabara ya Broadway usiku taa zikiwaka, nilidhani ni maji.

Sasa hotelini. Desemba baada ya tarehe 10 kazi inakauka. Wafanyabiashara hawasafiri tena, mikutano imekwisha, watalii wa mlimani Bogus Basin wengi ni wenyeji wanaorudi kulala kwao. Unaangalia ratiba ukutani unakuta siku tatu, wakati mwingine mbili. Kodi ya nyumba haijui kama ni Desemba. Halafu inakuja wiki ya bakuli. Timu moja ni wachezaji zaidi ya mia, makocha, madaktari, watu wa vifaa, wapiga tarumbeta. Ukumbi wa mikutano unageuzwa darasa la kuangalia video, mwingine unakuwa chumba cha matibabu chenye vitanda vya kukandia miguu. Mashine ya barafu inakauka kila jioni. Taulo usiseme. Na zile plasta ndefu nyeupe wanazofungia vifundo vya miguu, ukizikuta zimenata kwenye beseni la kuogea unapiga magoti uzibandue kwa kucha.

Kazi ni ngumu, lakini wiki ile nilipata saa 46. Zile 6 zinazozidi 40 zinalipwa moja na nusu kwa sheria. Kwa nyumba yangu hiyo ndiyo tofauti ya Krismasi yenye nyama na viatu vya watoto, na Krismasi ya kukopa.

Miaka mitano nimefanya hivyo na sijawahi kuingia uwanjani. Nilikuwa najua timu kwa harufu ya dawa yao ya kuchua, matokeo nikiyasikia kwa dereva wa basi. Mwaka huu mwalimu wa mwanangu wa kati alipata tiketi za kugawa kwa familia, akatuletea nne. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, Mbosnia mmoja mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla yangu, akaniambia "nenda, mimi nimeshaziona nyingi."

Mechi ilikuwa Jumatatu mchana, tarehe 23. Northern Illinois na Fresno State. Walishakutana kwenye bakuli hilihili 2010, Northern Illinois wakashinda 40 kwa 17. Hawa Northern Illinois ndio walioifunga Notre Dame, chuo chenye jina kubwa kwenye mpira huu, nyumbani kwake mwezi wa tisa, 16 kwa 14, Notre Dame ikiwa ya tano nchini. Chuo chao kiko DeKalb, mji mdogo magharibi ya Chicago.

Wadau, ile mechi ilikwenda sare mpaka muda wa kawaida ukaisha. Sheria ya nyongeza ni kwamba kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka mstari wa mwisho, inajaribu kufunga, halafu mwenzake naye anapewa. Raundi ya kwanza wakalingana. Raundi ya pili ukifunga unalazimika kujaribu pointi mbili za ziada, huruhusiwi kupiga teke la pointi moja. Northern Illinois wakafunga, wakapata na zile mbili, wakazuia. 28 kwa 20. Watoto wangu walikuwa wamesimama juu ya viti, yule mdogo amepoteza glavu moja na hana habari. Kocha akamwagiwa chipsi, maana huku hawamwagi maji ya barafu kama kwingine, wanamwaga chipsi za viazi. Desturi hiyo ilipata umaarufu 2021 Wyoming waliposhinda.

Mbele yetu walikaa mume na mke niliowahudumia chumba. Walikuwa wameendesha gari kutoka Illinois, zaidi ya kilomita 2,500 barabarani wakati wa baridi. Mama yule alikuwa ameniomba blanketi la ziada siku ya kwanza, tukazungumza kidogo mlangoni. Mtoto wao yuko mwaka wa mwisho, hachezi sana. Katika wachezaji wa vyuo hata 2 kwa 100 hawafiki ligi ya kulipwa, kwa hiyo kwa wengi wa vijana wale ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuvaa zile kofia. Filimbi ilipolia yule mama aligeuka akaniona, akanikumbatia mimi na koti langu, akawa analia. Sikujua niseme nini. Nikamwambia "hongera, mama." Kwa Kiswahili. Nadhani alielewa.

Nataka kujua mawazo yenu, hasa kuhusu hili: mechi kama hii inaufaa mji, au tunadanganyana? Naona wenyeji wanabishana sana mitandaoni.

Mzee wa Makambako

Binti, umeandika vizuri, Mungu akubariki wewe na watoto. Mimi nalima viazi Njombe. Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta kitu kimoja sikukiona. Hao wakulima wanalipaje mechi ya mpira? Sisi hapa hata kuondoa lumbesa imetushinda, gunia la kilo mia linajazwa mpaka linaota kichwa na mnunuzi analipa bei ileile.

Binti Fizi

Shikamoo mzee. Swali zuri, nilimuuliza jirani ambaye mume wake anaendesha malori ya viazi.

Kuna chombo cha serikali ya jimbo kinaitwa Idaho Potato Commission, kimeundwa 1937. Kila kiasi cha viazi kinachouzwa kinakatwa tozo ndogo kwa uzito, wanachangia mkulima, mfungashaji na kiwanda. Fedha hizo zinakwenda kwenye matangazo na utafiti. Jina la mechi linatoka humo, na lile lori lenye kiazi kikubwa mgongoni linalozunguka nchi nzima tangu 2012. Idaho inatoa karibu theluthi moja ya viazi vya Marekani, lakini mashamba makubwa yako mashariki, Blackfoot na Idaho Falls, mwendo wa saa nne hivi kutoka hapa. Mkulima wa Blackfoot anatangaziwa viazi vyake Boise, kwa watu wanaoangalia televisheni Illinois. Mechi inaonyeshwa nchi nzima siku ambayo watu wako nyumbani likizo, na kwa saa tatu na zaidi mtangazaji anatamka "Idaho" na "kiazi" bila kuchoka. Kwao hicho ndicho wanachonunua.

Nakubaliana na wewe kwamba tozo bila mizani ya haki ni mzigo. Huku gunia linapimwa, mzee. Kila kitu kinaanzia hapo.

Mzee wa Makambako

Marahaba. Nimeelewa. Mizani kwanza.

Hesabu Kwanza

Dada, pole na kazi. Nitasema kitu ambacho huenda hakitakufurahisha, lakini umeuliza.

Wachumi wanaochunguza michezo kwa miaka mingi wamekuwa wakizipinga zile takwimu zinazotolewa na waandaaji wa mechi na mashindano, za "mamilioni yameingia mjini". Hoja zao ni tatu. Moja, sehemu ya watazamaji ni wenyeji. Mtu wa Boise aliyenunua tiketi na soseji uwanjani angetumia pesa hiyohiyo sinema au mkahawani. Hakuna kipya kilichoingia. Mbili, wageni wanaweza kuwafukuza wageni wengine ambao wangelala vyumba vilevile. Tatu, pesa haikai. Hoteli nyingi za huko zina wamiliki wa mbali, faida inaondoka jioni ileile. Na hiyo mechi yenyewe, kama sijakosea, ni mali ya ESPN, televisheni ya michezo, kupitia kampuni yao ya matukio. Kwa hiyo mji unatoa uwanja, polisi na watu wa kujitolea, na mwenye televisheni anapata kipindi cha kujaza Jumatatu mchana.

Sisemi usifurahi. Nasema tusichanganye furaha na uchumi.

Binti Fizi

Asante kaka, sijakasirika hata kidogo. Hoja zako nimezisoma mara mbili, nazijibu kwa ninachokijua, yaani vyumba.

Hoja ya kwanza nakubali. Nilipotazama majukwaani, wengi walikuwa ni watu wa hapa, na nusu ya viti vilikuwa vitupu. Uwanja unachukua watu 36,000 hivi. Usingejaza hata kwa kuhesabu na wachezaji.

Hoja ya pili hapa ina kasoro. Ingekuwa Julai ningekupa haki yote. Julai vyumba vyetu vimejaa, timu ikija inamtoa mtalii. Lakini Desemba 20 hakuna wa kutolewa. Kitanda kile kingelala kitupu. Mimi najua kwa sababu ndiye ninayekitandika au kutokukitandika. Hili ndilo ninalotaka watu waone wanapopiga hesabu za mwaka mzima: zile siku tano hazikuchukua nafasi ya kitu chochote. Na kodi yake ipo. Chumba cha hoteli Boise kinatozwa jumla ya asilimia 13, yaani 6 ya mauzo ya jimbo, 2 ya utalii, na 5 ya eneo linaloendesha jumba la mikutano la mji. Hiyo inabaki hapa.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu ni kweli. Mwenye hoteli hakai Idaho. Sijawahi kumwona. Kinachobaki ni mshahara wetu, kodi, na kile ambacho wageni wanakinunua kwa miguu, maana uwanja uko kando ya mto na katikati ya mji unafika kwa kutembea. Na wachezaji hawanunui sana, wanalishwa hotelini. Usiku wa tarehe 23 basi zikaenda uwanja wa ndege, saa nne usiku korido zote kimya. Wazazi wakaondoka asubuhi wawahi Krismasi.

Kwa hiyo ukiniuliza ni kiasi gani, nitasema ni kidogo. Lakini kidogo hicho kinashukia kwa mtu ambaye wiki ile hakuwa na kitu. Kima cha chini cha mshahara Idaho ni dola 7.25 kwa saa, kilekile cha taifa tangu 2009. Hoteli zinalipa zaidi ya hapo kwa sababu zisipofanya hivyo hazipati watu, ila tatizo letu si bei ya saa, ni idadi ya saa. Wachumi wakija kupima waulize na ratiba ya ukutani.

Hesabu Kwanza

Umenipa jambo la kufikiria. Hoja ya msimu mfu naikubali, hata kwenye maandishi yao huwa wanasema athari ya kufukuzana wageni inategemea kama mji ulikuwa umejaa. Ila naomba tukumbuke pia vyuo. Shule ikialikwa inabeba sehemu ya tiketi za kuuza, isipoziuza hasara ni yake. Safari ya watu mia mbili kutoka Illinois si bure. Mara nyingi kile wanacholipwa kinapitia kwenye shirikisho la ligi yao na kugawanywa. Mzazi wa mwanafunzi asiyecheza mpira analipia hilo kwenye ada.

Msoto wa Clarkston

Salamu kutoka Clarkston, Georgia. Dada Fizi, umenigusa. Sisi hapa pia tumejaa kutoka kambi zote, Nyarugusu, Kakuma, Kyangwali. Timu ya Georgia State ya Atlanta ilikuja kwenu mwaka jana, Desemba 2023, ikaichapa Utah State 45 kwa 22. Mpwa wangu anasoma pale, tuliangalia kwenye simu tukiwa tunapika. Yule kijana Freddie Brock alikimbia na mpira yadi 276 peke yake. Mpwa wangu alipoona rangi ya uwanja akadhani simu imeharibika.

Ninalotaka kuongeza ni hili. Kabla ya siku ile sijawahi kusikia Boise ina watu wetu. Nilisikia mji kwenye mechi, nikaanza kuuliza, nikagundua binamu wa mke wangu yuko huko tangu 2016. Sasa tunaongea kila wiki. Hiyo haitaingia kwenye hesabu za mtu yeyote.

Binti Fizi

Jamani! Timu yenu mwaka jana nilihesabu taulo zao mwenyewe. Binamu wako nitumie jina la ukoo inbox, mji huu ni mdogo, nitampata.

Sauti ya Pili

Mimi niko Boise pia na ninakujua dada, tunaimba pamoja lakini sitakutaja. Umesahau jambo la kibanda.

Wadau, vibanda vya chakula kwenye viwanja vingi vya Marekani vinaendeshwa na watu wa vikundi. Timu ya shule, kanisa, chama cha wazazi, mnapeleka watu kumi au kumi na tano, mnafundishwa usafi na mashine ya hela, mnauza siku nzima, na kikundi kinapata sehemu ya mauzo. Kwaya yetu tumeshasimama kibanda mara mbili. Kuna baridi kali, chokoleti ya moto haikauki kwenye foleni. Mara ya kwanza hatukujua kuvaa, mama mmoja wetu alikuja na viatu vya wazi na soksi. Lakini hela ile ndiyo iliyonunua kinanda tunachotumia sasa na ikachangia jeneza la marehemu mzee wetu mwaka ule. Mahali penye watu elfu kumi na tano wenye njaa, kikundi kidogo kinapata kitu.

Shida ni kwamba viti vikiwa vitupu na sehemu yetu inapungua. Kwa hiyo nasema kwa watu wa Boise wanaosoma hapa: ingieni.

Nairobi Mashariki

Uzi mzuri sana huu. Mimi nina swali la watu wa kawaida. Hawa vijana wanalipwa? Maana naona kila mtu anapata: televisheni, hoteli, mwenye viazi, hadi kwaya.

Msoto wa Clarkston

Ndugu, kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana, ni masomo, malazi na chakula tu. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza jina na picha zao kwa matangazo. Wa vyuo vikubwa wanapata pesa nyingi, wa vyuo vidogo wanapata viatu na chakula cha bure mkahawani. Kwenye mechi ya bakuli wanapewa zawadi, nguo na vifaa, ambazo kanuni imeweka kikomo cha thamani yake. Tatizo jingine ni uhamisho. Msimu huu wa 2024 dirisha lilifunguka Desemba, vijana wakaondoka kabla ya bakuli. Kotabeki (anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi) wa Fresno State aliyecheza msimu mzima hakuwepo Boise, na hata kocha alikuwa wa muda. Ndiyo maana wengine wanasema mechi hizi hazina maana tena.

Binti Fizi

Hilo la "hazina maana" huwa nalisikia kwa watu ambao hawajakaa pale. Waliobaki walicheza kama watu waliokuwa na deni. Na mimi niliwaona asubuhi ya mechi wakishuka kwenye lifti na vipokea sauti masikioni, hakuna aliyekuwa akitabasamu.

Yule mwenzangu Mbosnia alinisimulia ya Desemba 2009. Chuo cha Idaho, kiko Moscow kaskazini ya jimbo, karibu kilomita 480 kutoka hapa, kilikuja kucheza na Bowling Green. Ilikuwa timu ya watu wa shamba na milima, haikuwa imezoea mialiko. Zikiwa zimebaki sekunde 4 wakafunga, wakawa nyuma kwa pointi moja. Wangepiga teke wakapata sare na kwenda muda wa nyongeza. Kocha wao, Robb Akey, akasema hapana, tunakwenda kwa mbili. Wakapata. 43 kwa 42. Anasema usiku ule hoteli nzima haikulala, wazee wenye kofia za ng'ombe walikuwa wanaimba kwenye korido, na mmoja alimwachia dola hamsini juu ya mto na karatasi ya kuomba radhi kwa matope. Karatasi ile anayo mpaka leo. Idaho walirudi 2016 wakashinda tena, 61 kwa 50 dhidi ya Colorado State, halafu kuanzia 2018 chuo kikashuka daraja la chini kwa sababu ya gharama na mambo ya ligi. Kwa hiyo bakuli la kiazi ndilo la mwisho walilocheza.

Hesabu Kwanza, 1 Januari 2025

Heri ya mwaka mpya wote. Dada, nimeona jana timu ya kwenu, Boise State, imefungwa na Penn State 31 kwa 14 kule Arizona. Robo fainali ya taifa. Poleni. Swali langu: mji ulihama? Maana ndiyo ile hoja ya pesa kutoka.

Binti Fizi

Asante, tumepoa. Yule kijana Ashton Jeanty alikimbia yadi 2,601 msimu huu, mji mzima unavaa namba yake, hata wanangu.

Na ndiyo, ulihama. Wiki moja watu elfu kadhaa wanakuja Boise kwa kiazi, wiki inayofuata maelfu mengi zaidi ya watu wa Boise wanapeleka pesa zao Phoenix, kulekule Arizona. Hotelini kwetu tarehe 30 na 31 nilikuwa na vyumba vinne kwa zamu nzima. Wahudumu wenzangu wa Arizona bila shaka walikuwa wanapiga magoti kubandua plasta zetu. Sijui niseme ni hasara au ni zamu kuzunguka. Nafikiria mwanamke mmoja pale, labda ni wa Burundi au Honduras, aliyepata saa zake 46 kwa sababu yetu.

Nairobi Mashariki, 21 Januari

Narudisha uzi juu. Notre Dame wamepigwa fainali jana na Ohio State, 34 kwa 23. Kumbe msimu wote ni Northern Illinois peke yao walioifunga Notre Dame mpaka siku ya fainali. Wale watu wa mechi ya kiazi!

Binti Fizi

Mwanangu mdogo ameshanieleza hilo mara tatu leo. Ameandika "28-20" kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango wa chumba chao, sijaifuta.

Kwa aliyeuliza inbox kuhusu kwenda Desemba ijayo, najibu hapa iwafae na wengine. Tiketi za juu huwa za bei nafuu, na shule na vikundi vya wakimbizi huwa wanapata za bure, ulizeni mapema, mwezi wa kumi na moja. Mkoba uwe wa plastiki unaoonyesha ndani, mwingine haupiti mlangoni. Soksi mbili kila mtu na kipande cha boksi cha kukanyagia, maana baridi inapanda kutoka kwenye zege. Watoto wafungwe glavu kwa uzi. Sauti ya Pili, nimeandikisha jina langu kwenye orodha ya kibanda, lakini zamu ya asubuhi tu. Filimbi ikilia nataka niwe nimekaa.

Ratiba ya wiki hii hotelini ni siku mbili.